Somo la 6: Shomoro wa Tano

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwa. 1:20–22, 2:19, 20, Kum. 22:6, 7, Zab. 84:3, Yer. 8:7, Mt. 6:25–34, 10:29–31, Lk. 12:6, 7, 24.

Fungu la kukariri: Luka 12:6, 7. Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti mara tatu, kisha liandike kwa mkono kwenye kikaratasi utakachobeba mfukoni juma zima.

Katika hotuba ya mlimani Yesu alitoa agizo ambalo ni nadra kusikika mimbarani: aliwaambia wasikilizaji wake wawatazame ndege. Wengi hulipita agizo hilo haraka ili wafike kwenye ahadi inayofuata, ile ya chakula na mavazi. Lakini Bwana aliitanguliza kazi ya macho kabla ya ahadi. Anayeshika ahadi bila kutazama ndege ameruka mstari.

Wasikilizaji hawakuhitaji kusafiri ili watii. Ndege walikuwa pale pale, juu ya vichwa vyao na katika mashamba yaliyowazunguka. Ndivyo ilivyo hata leo. Tanzania ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na Kenya vivyo hivyo. Watu hutoka nchi za mbali, kwa gharama kubwa, ili waje kuwaona. Lakini mwenyeji anayepita chini ya mwembe uleule kila asubuhi huenda akawajua kwa majina njiwa, kunguru na mwewe tu, na wengine wote kwake ni “ndege.”

Juma hili kila mwanafunzi anaombwa kufanya jambo moja zaidi ya kusoma. Kila asubuhi keti dakika kumi mlangoni, uani au kando ya dirisha, ukiwa na daftari na kalamu. Usibebe simu. Andika kila ndege unayemwona: ukubwa wake, rangi yake, mdomo wake, anachokula na sauti yake. Usipolijua jina lake, acha nafasi. Huenda ukashangaa ni furaha kiasi gani Mungu ameiweka karibu na kizingiti cha nyumba yako.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Baraka ya kwanza

Soma Mwanzo 1:20–22. Ni nani waliopokea baraka ya kwanza iliyoandikwa katika Biblia?

Wengi hudhani kwamba baraka ya kwanza ilitolewa kwa mwanadamu. Sivyo. Siku ya tano, kabla Adamu hajaumbwa, Mungu aliwabariki viumbe wa majini na ndege wa angani, akawaagiza waongezeke. Siku ya sita akawabariki wanadamu, na siku ya saba akaibariki Sabato. Kwa hiyo ndege aliye kwenye waya wa kuanikia nguo ni kiumbe aliyebarikiwa, na baraka yake ni ya zamani kuliko ya mwenye nyumba.

Kisha soma Mwanzo 2:19, 20. Mungu aliwaleta wanyama na ndege kwa Adamu ili aone atawaitaje. Kazi hiyo ilifanyika Edeni, kabla ya jasho na miiba. Wala haikuwezekana kwa mtu asiyetazama. Ili kumpa ndege jina linalomfaa, ni lazima kujua yeye ni nani na anatofautianaje na mwenzake.

Kazi hiyo bado inaweza kufanyika uani. Anza na mdomo, kwa sababu mdomo hueleza chakula. Shomoro ana mdomo mfupi na mnene, wa kuvunjia mbegu. Chozi, yule ndege mdogo anayeng’aa juani akizunguka maua, ana mdomo mwembamba uliopinda, wa kufikia maji matamu yaliyo ndani ya ua. Mwewe ana mdomo wa ndoano kwa sababu hula nyama. Baada ya mdomo, sikiliza sauti. Dudumizi hujificha vichakani na ni vigumu kumwona, lakini mlio wake ni kama maji yanayomwagika kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Ukishaujua, utamtambua hata ukiwa jikoni.

Waulize wazee majina ya ndege katika lugha ya nyumbani. Babu au bibi aliyechunga mbuzi utotoni huenda akawa na majina ambayo hayamo katika daftari lolote, na atafurahi kuulizwa.

Je, kuna tofauti gani kati ya kupita karibu na kiumbe cha Mungu na kukijua kwa jina? Tofauti hiyo ina uhusiano gani na Isaya 43:1?

JUMATATU
Mnana hufanya kazi

Soma Mathayo 6:25–34. Yesu alisema ndege hawafanyi mambo gani? Je, alisema kwamba hawafanyi kazi?

Mtu aliyewahi kukaa dakika kumi chini ya mti wa minana hatasema kwamba ndege ni wavivu. Mnana dume, mwenye manyoya ya manjano, huchana ukanda mwembamba wa jani la mnazi au la nyasi, huruka nao hadi ncha ya tawi, na kwa mdomo wake tu husuka kiota kinachoning’inia. Jike huja kukikagua. Asiporidhika huondoka, na mara nyingi dume hukibomoa kiota hicho na kuanza upya. Hana mikono wala mwalimu, na asubuhi inayofuata yuko kazini tena.

Yesu aliwafahamu ndege. Hakusema kwamba hawajishughulishi; alisema kwamba hawapandi, hawavuni, wala hawakusanyi ghalani. Wanachokosa ni ghala, na pamoja na ghala wanakosa hofu ya kesho. Mnana husuka leo kwa nyasi za leo.

Fundisho hili halikutolewa kwa watu walioshiba. Wasikilizaji wengi wa Yesu walikuwa wakulima, wavuvi na vibarua waliolipwa kwa siku. Linamfaa mama ambaye karo ya muhula haijapatikana na unga uliobaki ni wa siku mbili. Hakuna anayemwambia mama huyo aache kibarua chake. Anaambiwa kwamba mahangaiko ya usiku hayaongezi hata kibaba kimoja katika debe, na kwamba Yule anayewalisha ndege ndiye aliye Baba yake. Ni vizuri kuliona neno hilo katika Mathayo 6:26. Yesu hakumwita Mungu baba wa ndege. Alisema ni Baba yenu. Ndege wana Mlishaji, watoto wana Baba.

Ndiyo sababu kutazama ndege asubuhi kunaweza kuwa sehemu ya ibada. Moyo uliojaa hesabu za deni hupewa dakika kumi za kuona riziki ikitolewa mbele ya macho, kwa viumbe visivyo na akiba.

Ni wasiwasi gani unaokuamsha usiku? Andika neno moja linaloutaja katika ukurasa uleule ulioandika ndege wa leo, kisha omba.

JUMANNE
Kiota na majira

Soma Zaburi 84:3. Kwa nini mwimbaji alimwonea wivu mbayuwayu?

Mwimbaji alikuwa na shauku ya nyumba ya Mungu, akawakumbuka ndege waliojenga karibu na madhabahu. Wapo mbayuwayu wa Afrika Mashariki wanaojenga vivyo hivyo hata leo. Hukusanya matope kwenye madimbwi, tonge moja moja, na kuyabandika chini ya paa la nyumba, la shule au la kanisa. Mzee wa kanisa anayeona kinyesi chini ya kiota huagiza fimbo iletwe. Kabla fimbo haijainuliwa, inafaa Zaburi 84 isomwe, kisha mtu awekewe zamu ya kufagia mpaka makinda yaruke.

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Israeli walipewa sheria juu ya kiota kilichoonekana njiani: wasimchukue mama pamoja na makinda au mayai. Sheria hiyo ndogo imefungwa kwa ahadi ya kuona heri na kuishi siku nyingi, ahadi inayofanana na ile ya amri ya tano (Kum. 5:16). Mungu aliyejali heshima ya mama wa binadamu aliona pia mama aliye juu ya mayai. Mvulana mwenye manati anaweza kufundishwa fungu hili bila kelele. Mpe daftari, umwombe ahesabu siku tangu mayai yaonekane mpaka makinda yatoke, akitazama kwa mbali bila kukigusa kiota. Huenda manati ikasahaulika.

Sasa soma Yeremia 8:7. Wako mbayuwayu wengine wasiojenga kwetu. Huzaliana Ulaya na Asia, na majira ya baridi yanapokaribia huko, huja Afrika, wengi wakivuka jangwa la Sahara. Afrika Mashariki huonekana kuanzia mwezi wa Septemba na Oktoba, na hadi Aprili wengi wameshaondoka. Ndege huyo ana uzito wa gramu 20 hivi. Nchi ya Israeli nayo iko kwenye njia ya ndege wasafiri. Korongo weupe hupita juu yake kwa makundi makubwa wakija Afrika. Yeremia aliwaona wakija na kwenda kwa wakati wao, akahuzunika kwamba ndege waliyajua majira yao na watu wa Mungu hawakuijua hukumu ya Bwana.

Ndege hutii majira bila kengele. Watu wa Mungu wamepewa majira yao pia, kila juma, jua linapotua siku ya Ijumaa.

Ni mambo gani hukufanya uchelewe kuipokea Sabato, wakati hata mbayuwayu hachelewi majira yake?

JUMATANO
Ndege wasiopendwa

Soma Luka 12:24 pamoja na Walawi 11:13–19. Kwa nini Yesu alimchagua kunguru?

Kunguru yumo katika orodha ya ndege wasioliwa. Katika pwani ya Afrika Mashariki sifa yake si nzuri. Kunguru wa India aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ameenea hadi bara, na hudokoa vyakula, hula vifaranga na kubomoa viota vya ndege wengine. Pamoja na hayo, Yesu hakusema watazameni njiwa. Alimtaja ndege najisi na kusema kwamba Mungu humlisha. Kuwa najisi kwa chakula hakumaanishi kuwa nje ya huruma ya Muumba. Kunguru ndio waliompelekea Eliya mkate na nyama (1 Fal. 17:4–6).

Bundi naye yumo katika orodha hiyo, na ndiye anayechukiwa kuliko wote. Akilia juu ya paa, watu husema kuna kifo kinakuja, na wengine hutoka na mawe. Ukweli wake ni mwingine. Bundi mwenye uso mweupe anayeishi darini huwinda panya usiku, akiongozwa na masikio makali sana. Humeza panya mzima, kisha hutapika vidonge vya manyoya na mifupa. Ukikivunja kidonge kimoja kwa kijiti, utaona ndani yake mafuvu ya wale ambao wangekula mahindi ghalani. Anayemuua bundi amewapa panya zawadi.

Lakini hasara ya panya ndiyo ndogo. Bundi anapolia, macho ya mtaa huanza kumtafuta mchawi, na mara nyingi humwangukia bibi kizee anayeishi peke yake. Katika baadhi ya maeneo ya Tanzania wazee, hasa wanawake, wamesingiziwa uchawi, na wengine wameuawa. Muumini anayekaa kimya bundi anapoitwa mjumbe wa mauti hajui neno hilo litaishia mlango wa nani. Kumjua ndege kwa usahihi kunaweza kumlinda jirani. Mkristo aliyewaonyesha watoto wake mafuvu ya panya yaliyotoka kwa bundi amebomoa uongo kwa mikono yao wenyewe, na bibi wa jirani atalala salama zaidi.

Soma Kumbukumbu la Torati 18:10–12. Mungu alikataza kutafuta ishara za bahati. Je, kuna ndege ambaye bado unamwogopa kimya kimya? Hofu hiyo inasema nini juu ya yule unayemtegemea?

ALHAMISI
Wa tano hana bei

Soma Mathayo 10:29–31, kisha Luka 12:6, 7. Linganisha hesabu mbili. Shomoro mmoja amekwenda wapi?

Katika Mathayo shomoro wawili huuzwa kwa sarafu moja ndogo. Kwa hesabu hiyo, sarafu mbili zingenunua shomoro wanne. Lakini katika Luka sarafu mbili zinanunua watano. Wa tano ni nyongeza. Yeyote anayekwenda sokoni anaielewa hesabu hii: mteja akinunua mafungu mawili ya nyanya, muuzaji humwongezea moja juu, mara nyingi ile ndogo, ili arudi tena kesho.

Sarafu inayotajwa ilikuwa sehemu ya 16 ya dinari, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima (Mt. 20:2). Shomoro walikuwa kitoweo cha maskini. Shomoro wa tano hakufikia hata thamani hiyo. Alitolewa bure. Ni juu ya huyo, pamoja na wenzake, Yesu alisema kwamba hakuna hata mmoja anayesahauliwa mbele za Mungu.

Yesu hakuahidi kwamba shomoro hawaanguki. Ukame huja, mwewe huja, na katika daftari la juma hili huenda mmoja ameandikwa kuwa hajaonekana tena. Mathayo 10 ni sura ya mateso, na wanafunzi walikuwa wakitumwa kama kondoo kati ya mbwa mwitu. Ahadi ni kwamba hakuna anayeanguka pasipo Baba.

Mtu aliyejizoeza juma zima kuona kilichokuwa mbele yake siku zote ataanza kuona mengine. Katika kila kanisa yuko aliye nyongeza: yule anayeketi kiti cha nyuma na kuondoka kabla ya salamu za mlangoni, kijana aliyeacha shule, mlinzi wa usiku anayesinzia wakati wa hubiri kwa sababu ametoka lindoni asubuhi hiyohiyo, mgonjwa ambaye jina lake bado limo katika orodha ya darasa, lakini hakuna aliyemtembelea tangu robo iliyopita. Hawajafukuzwa na mtu. Hawakuonekana tu. Yesu alisema kwamba mtu ni bora kuliko shomoro wengi. Anayeweza kumtambua chozi kwa mdomo wake na asijue jina la mama anayekaa nyuma yake kila Sabato bado hajamaliza somo.

Nani ni shomoro wa tano katika darasa lako? Liandike jina lake katika daftari, chini ya majina ya ndege. Kama hulijui, acha nafasi, kisha Sabato hii uliulize.

IJUMAA

Kwa kujifunza zaidi: Soma Zaburi 104:10–24 na Ayubu 38:41 hadi 39:30. Soma pia 1 Wafalme 4:33, inayoonyesha kwamba hekima ya Sulemani ilijumuisha maarifa ya ndege.

Mhubiri Mwingereza John Stott, aliyeishi kati ya 1921 na 2011, alipenda kuwatazama ndege tangu utotoni. Alisafiri nchi nyingi kuhubiri na kufundisha, akibeba darubini pamoja na Biblia, na mwaka 1999 alichapisha kitabu kuhusu mafunzo ambayo ndege humpa Mkristo. Aliliona agizo la Yesu kuwa agizo halisi, la kutiiwa kwa macho.

Darubini si sharti. Kwa Sabato mchana, viongozi wa watoto na wa Watafuta Njia wanaweza kupanga matembezi mafupi kuzunguka kanisa au kijiji. Tembeeni polepole, kwa makundi madogo, jua likiwa limepungua ukali. Nyamazeni kwa dakika tano mahali pamoja kabla ya kusogea. Msirushe mawe wala kugusa viota. Mmoja aandike orodha. Mkutanapo kwa ibada ya kufunga Sabato, orodha hiyo isomwe kwa sauti kama shukrani, jina baada ya jina, na wale wasiojulikana majina watajwe kwa rangi na sauti zao. Kisha kila familia itaje jina la mtu mmoja itakayemtembelea juma linaloanza.

Maswali ya kujadili:

1. Linganisheni madaftari ya juma hili darasani. Ni ndege yupi ambaye wengi wenu hamkujua kwamba anaishi karibu nanyi? Amekuwapo kwa muda gani bila kuonekana?

2. Mtu mwenye dhiki kubwa akiambiwa awatazame ndege, anaweza kuona kwamba anadhihakiwa. Mathayo 6:25–34 inawezaje kufundishwa kwake kwa upole na ukweli? Kanisa lifanye nini pamoja na kufundisha?

3. Darasa lenu linawezaje kuwalinda wazee wanaosingiziwa uchawi katika mtaa wenu? Nani ataanza, na lini?

4. Baba wa mbinguni hamsahau shomoro wa tano. Ni jina gani lililoachiwa nafasi katika daftari lako, na utalijaza kabla jua la Sabato hii halijatua?